Mgeni Aliyepewa Duka Badala ya Jembe

Tarehe 15 Septemba 1972 gazeti la Uganda Argus la Kampala lilichapisha tangazo lililolipiwa na halmashauri ya jiji la Leicester, Uingereza. Wakati huo Idi Amin alikuwa amekwisha kuwapa Waasia siku 90 za kuondoka nchini, na familia zilizoishi Kampala, Jinja na Mbale kwa vizazi viwili au vitatu zilikuwa zikipanga foleni kwenye balozi, zikiuza magari na majokofu kwa bei ya kutupa, na kujadiliana usiku kucha waende wapi. Tangazo lile liliwaambia waende popote, lakini si Leicester. Kwa lugha ya adabu za kiofisi liliwaeleza kwamba jiji lilikuwa limeelemewa, kwa hiyo kwa faida yao wenyewe na ya familia zao wafuate ushauri wa bodi ya serikali iliyoundwa kuwapokea, wasielekee huko. Walielekea hukohuko. Sensa ya mwaka 2021 iliwakuta wenye asili ya Asia wakiwa asilimia 43 ya wakazi wa Leicester, wakiwazidi Wazungu kwa kiasi kidogo.

Kisa hicho husimuliwa Uingereza kama hadithi ya ushindi: watu waliofika na masanduku machache, wakafufua mitaa iliyokuwa inakufa, wakasomesha watoto hadi udaktari na uwakili. Sisi wa huku walikotoka tuna hadithi nyingine juu ya watu haohao. Swali tunalouliza vijiweni na kwenye mabasi ni kwa nini Wahindi, baada ya miaka mia na zaidi, hawakuchanganyika nasi, ilhali Waingereza wanajiuliza walichanganyikaje nao upesi hivyo. Na mara nyingine anayezungumziwa ni mtu yuleyule mmoja, aliyefunga duka lake Kampala mwezi Oktoba na kuanza zamu ya kiwandani Leicester mwaka uliofuata. Dini yake haikubadilika ndani ya ndege, wala jamii yake ya kuzaliwa, wala bibi yake anayesisitiza kwamba mjukuu aolewe na Lohana mwenzake. Kama tabia ya mgeni ndiyo inayoamua atazoea nchi au hatazoea, mtu huyu haelezeki. Inabidi tuangalie kile alichowekewa mkononi alipofika.

Waswahili tuna methali inayosema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Huwa tunaitumia kumkumbusha mgeni asiwe mzigo, lakini ukiitazama kwa makini inamwajibisha mwenyeji pia, kwa kuwa hakuna maana ya kumpa mtu jembe bila kumwonyesha mahali pa kulima. Mwenye jembe ana shamba, ana jirani wa mpakani wa kugombana naye na kupatana naye, na anaisubiri mvua ileile wanayoisubiri wenyeji. Wahindi wa Afrika Mashariki walifika siku ya tatu wakakuta jembe limefungiwa ghalani na mtu wa tatu, ambaye hakuwa wao wala sisi.

Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Kabla ya ukoloni walifika pwani kwa majahazi ya kaskazi kutoka Kutch na Kathiawar, magharibi mwa India, na Zanzibar ya Seyyid Said iliwapa kazi yenye uzito: nyumba ya biashara ya Jairam Shivji ndiyo iliyokusanya ushuru wa forodha kwa niaba ya Sultani kwa miongo kadhaa. Wenyeji wa pwani waliwajua kwa majina yao, na hawakuwaweka wote katika kapu moja la "Wahindi" kama tunavyofanya leo. Kulikuwa na Mabaniani, Makhoja, Mabohora, na Magoa, kila kundi na ibada yake na mtaa wake. Methali ya "Baniani mbaya, kiatu chake dawa" ilizaliwa katika ujirani huo, na ina ukweli mchungu wa kibiashara ndani yake, kwamba mtu huyu hatumpendi ila hatuwezi kuishi bila bidhaa zake.

Lugha iliweka kumbukumbu za maelewano hayo kwa uaminifu kuliko mwanahistoria yeyote. Pesa, gari, bima, laki, cheti, chapati: yote haya yana asili au njia ya kupitia Bara Hindi. Neno linalonivutia zaidi ni bepari. Lilipofika pwani lilimaanisha mfanyabiashara tu, kama linavyomaanisha hadi leo kwa Wagujarati, na Julius Nyerere alipotafsiri tamthilia ya Shakespeare mwaka 1969 aliiita Mabepari wa Venisi bila kumtukana mtu. Lakini miaka hiyohiyo ya Ujamaa neno hilo lilikuwa likigeuzwa kuwa jina la adui, na kufikia miaka ya 1970 mtoto wa shule aliyemwita mwenzake bepari hakuwa na habari kwamba anatamka neno la Kihindi lenye maana ya mwenye duka.

Sasa tazama maneno yaliyokwenda upande wa pili. Katika Kigujarati cha familia zilizotoka Nairobi au Kampala, hata zile zilizokwisha kuhamia London, utasikia fagio, kisu, sufuria, dudu, mogo kwa maana ya muhogo na jugu kwa maana ya njugu. Sisi tulichukua kwao maneno ya kaunta, wao wakachukua kwetu maneno ya jikoni, na ukiunganisha orodha hizo mbili unapata ramani kamili ya mahali tulipokutana. Hatukukutana shambani wala darasani. Ndiyo sababu Kiswahili cha Wahindi wengi wa bara, hasa Nairobi ya zamani, kilijaa amri: leta, ngoja, toa, peleka. Hicho ni Kiswahili cha mtu aliyejifunza lugha kwa kumwagiza mtumishi wa nyumbani. Mhindi wa Zanzibar, Mombasa au Tanga aliyekua akicheza barazani alisema Kiswahili fasaha chenye mizaha na mafumbo, wakati mwingine kuliko sisi tuliotoka vijijini.

Nilikulia Tanga karibu na duka moja la namna hiyo. Mwenye duka alikuwa mzee mwembamba aliyevaa shati jeupe la mikono mifupi, na nyuma yake palikuwa na rafu za sabuni za mche, viberiti, dawa ya mbu na madumu ya mafuta ya taa. Sukari alipima kwa mizani ya mawe, akaifunga kwa gazeti lililokunjwa kama pembe, na kama mwezi ulikuwa haujaisha alifungua daftari refu la jalada jekundu na kuandika deni letu kwa herufi za Kigujarati. Jina la baba yangu lilikuwa humo kwa mwandiko ambao hakuna mtu wa nyumbani kwetu aliyeweza kuusoma. Tulilitambua kwa mahali lilipokaa, mstari wa nne kutoka juu. Mzee yule alijua nani amejifungua, nani amefukuzwa kazi, na nani anaumwa kifua. Babu yangu alipofariki alileta kilo kumi za mchele na kukaa nje mkekani na wanaume hadi mazishi. Lakini kwa miaka yote niliyomjua sikuwahi kupita mlango uliokuwa nyuma ya kaunta yake, na wala yeye hakuwahi kupita ukumbi wetu. Nilipokuwa mtoto niliamini hiyo ni amri ya dini.

Baadaye nilijifunza kwamba sehemu kubwa ilikuwa amri ya serikali. Ujenzi wa reli ya Uganda kati ya 1896 na 1901 uliwaleta vibarua wapatao 32,000 kutoka Bara Hindi, wengi wao Wapunjabi. Takriban 2,500 walikufa, wengi walirudi kwao mikataba ilipoisha, na waliobaki walikuwa karibu 6,700 tu. Kwa hiyo simulizi inayopendwa, kwamba Wahindi wetu ni wajukuu wa vibarua wa reli, ni nusu ya kweli, kwa maana wengi walikuja baadaye kwa nauli zao, wakaifuata reli kama wafanyabiashara, mafundi na makarani. Walipotaka ardhi Kenya walikuta Nyanda za Juu zimetengwa kwa Wazungu, na waraka wa serikali ya Uingereza wa mwaka 1923, uliotangaza kwamba maslahi ya Waafrika yatangulizwe, uliwanyima Wahindi nyanda hizo bila kuzirudisha kwa Waafrika wenyewe. Mijini kila kundi lilipewa eneo lake, na majina yamebaki vinywani mwetu hadi leo: Uzunguni, Uhindini, Uswahilini. Mnazi Mmoja ya Dar es Salaam, ambako watu sasa hupumzika na kufanya mikutano, ilianza kama uwanja mtupu ulioachwa makusudi ili kutenganisha Uhindini na Kariakoo. Shule zilikuwa tofauti, hospitali tofauti, mishahara tofauti kwa kazi ileile. Sheria za mikopo nazo zilifanya deni la Mwafrika liwe gumu kudaiwa mahakamani, kwa kisingizio cha kumlinda, na matokeo yake yalikuwa kwamba mfanyabiashara wa jumla hakuthubutu kumkopesha bidhaa za kuanzia duka. Kwa njia hiyo duka likawa la Mhindi kwa muundo wa sheria, kisha tukaambiwa ni la Mhindi kwa damu.

Sisemi hivyo ili kuwatakasa. Nafasi ya katikati ina faida zake, na wengi walizifaidi bila kujiuliza maswali. Mpishi mwenye wajukuu aliitwa "boi" mbele ya wajukuu hao, na mizani ya dukani haikuwa ya haki kila siku. Mwaka 1959 Waganda walipogomea maduka ya Waasia, mgomo huo ulikuwa na siasa nyingi ndani yake, lakini ulikuwa pia na hasira za watu ambao kwa miaka 50 walikuwa wameuza pamba yao kwa bei iliyopangwa na wengine. Kilichonisumbua katika kusoma historia hii ni jinsi dhuluma hizo za kweli zilivyotumika kuficha mpangilio mzima. Mkulima alimwona mwenye duka kila Jumamosi, lakini gavana hakumwona hata mara moja.

Pale ukuta ulipopasuka, hata kwa bahati mbaya, watu walipita. Mfano ninaoupenda ni uchaguzi wa kura tatu wa Tanganyika wa 1958 na 1959. Wakoloni walimlazimisha kila mpiga kura amchague Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mwasia mmoja, wakitumaini kwamba mfumo huo ungewagawa wananchi. TANU ikaamua Tabora, Januari 1958, kushiriki hivyohivyo. Matokeo yake ni kwamba wagombea wa Kiasia waliotaka kushinda walihitaji kura za Waafrika, na watu kama Amir Jamal na Sophia Mustafa waliingia Baraza la Kutunga Sheria kwa kuungwa mkono na chama ambacho wakati huo hakikuwaruhusu hata kuwa wanachama. TANU ilifungua milango yake kwa watu wa rangi zote mwaka 1963 tu. Kenya ilikuwa na Makhan Singh, kiongozi wa vyama vya wafanyakazi, aliyesimama hadharani Nairobi mwaka 1950 kudai uhuru kamili wa Afrika Mashariki na kulipia maneno hayo kwa miaka 11 ya kuzuiliwa, na ilikuwa na mwanasiasa Pio Gama Pinto, aliyepigwa risasi Februari 1965. Watu hawa hutajwa kama Wahindi wa kipekee, jambo ambalo nadhani ni kosa. Walishika kitu kilekile walichoshika wenyeji, chama cha wafanyakazi au chama cha siasa, na kazi hiyo ikawafanya wenyeji.

Uhuru ulipokuja, swali la jembe liligeuka swali la karatasi. Oktoba 1961, mswada wa uraia ulipoletwa bungeni Tanganyika na baadhi ya wabunge wakataka uraia uwe wa Waafrika pekee, Nyerere alisema wazi kwamba serikali yake itajiuzulu hoja hiyo ikipita. Haikupita. Kenya iliwapa wasio raia wa kuzaliwa miaka miwili ya kuomba, hadi Desemba 1965, na wengi walisitasita, wakiwa wameshika pasipoti ya Uingereza mkono mmoja na leseni ya biashara mkono wa pili. Sheria za 1967 za uhamiaji na leseni zikawabana, na walipokimbilia Uingereza kwa maelfu, Bunge la London likapitisha mwaka 1968, kwa siku tatu tu, sheria ya kuwafungia mlango watu waliokuwa na pasipoti za Uingereza yenyewe. Pasipoti ileile iliyowafanya wageni Nairobi haikuwafanya wenyeji London.

Hapa inafaa kutaja tofauti iliyokuwapo ndani yao, kwa kuwa neno "Wahindi" linaificha. Waismailia, Waislamu wa tawi la Kishia, walikuwa na imamu mwenye sauti moja. Mwaka 1952 Aga Khan wa tatu aliwaelekeza wanawake wa jamaa yake wa Afrika waache mavazi ya Kihindi na kuvaa gauni za kisasa, na mrithi wake akawahimiza wafuasi wachukue uraia wa nchi walizomo. Agizo lilitoka juu na likafuatwa ndani ya miaka michache, shuleni, kazini na kabatini. Mapatel, Malohana na Maoshwal, jamii nyingine za Kigujarati, hawakuwa na mtu wa kuwaagiza. Kila familia ilipiga hesabu zake, na mara nyingi hesabu ilikuwa ya kutawanya watoto: mmoja raia wa Kenya, mmoja Muingereza, mmoja amebaki na karatasi za India. Majirani waliona unafiki. Mimi naona tahadhari ya watu waliokwisha kujifunza kwamba serikali inaweza kubadilisha mawazo.

Na serikali zilibadilisha mawazo. Mwaka 1971 Tanzania ilitaifisha majumba ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, na Msajili wa Majumba akawa mwenye nyumba mpya wa katikati ya miji. Sheria ile haikutaja rangi, lakini kila mtu alijua majumba yalikuwa ya nani. Zanzibar ilikwenda mbali zaidi: mwaka 1970 wasichana wanne wenye asili ya Kiajemi waliozeshwa kwa nguvu kwa vigogo wa serikali, eti kuvunja ubaguzi wa ndoa. Ubaguzi huo ulikuwapo, na ulikuwa ukiumiza, kwa sababu wapo wanaume wa Kihindi waliozaa na wanawake wa Kiafrika na wasiwataje watoto hao hadharani, huku binti zao wakiwekewa ulinzi. Lakini ndoa ya mtutu haikumfanya mtu yeyote kuwa ndugu, na wazazi wengi wenye binti waliondoka visiwani.

Uganda ikamaliza kazi. Kati ya waliofukuzwa, wapatao 28,000 waliingia Uingereza, na kwanza waliwekwa katika kambi 16 zilizokuwa za kijeshi, ambako walikabidhiwa makoti mazito na kulishwa viazi vya kuchemsha visivyo na chumvi ya kutosha. Tunapozungumzia kuzoea maisha mapya, huwa tunafikiria baridi na chakula. Hayo huzoeleka. Kilichokuwa kigumu zaidi ni kushuka. Mwanamume aliyekuwa na karani na dereva Jinja alisimama kwenye mstari wa kuunganisha mashine za kuandikia, na mkewe, ambaye Kampala alikuwa na yaya na mpishi, alipanda basi saa kumi na mbili asubuhi kwenda kiwanda cha soksi. Kwa mara ya kwanza familia nyingi zilikula kwa mshahara wa mama.

Kushuka huko kuliwapa kitu ambacho hawakuwahi kupewa Afrika Mashariki, yaani kuwa wafanyakazi wa kawaida miongoni mwa wafanyakazi wa kawaida. Mei 1974 mamia ya wafanyakazi wa Kiasia wa kiwanda cha Imperial Typewriters cha Leicester, wengi wao kutoka Afrika Mashariki, waligoma kwa karibu miezi mitatu kwa sababu ya malipo ya ziada na ubaguzi wa vyeo. Viongozi wa eneo wa chama chao cha wafanyakazi hawakuwaunga mkono, na mwaka uliofuata kiwanda kikafungwa. Mwaka 1976, kaskazini-magharibi mwa London, Jayaben Desai, mama mfupi mwenye sari na mkoba, mzaliwa wa Gujarat aliyeishi Tanganyika kabla ya kuhamia Uingereza, alitoka nje ya kiwanda cha kusafisha picha cha Grunwick na kuanzisha mgomo uliodumu karibu miaka miwili. Safari hii maelfu ya Wazungu walikuja kusimama naye langoni, wakiwamo wachimba makaa ya mawe, na wafanyakazi wa posta wakagoma kushika barua za kiwanda. Walishindwa. Lakini mtu anayetaka kujua Wahindi hawa walizoea Uingereza lini asitafute tarehe hiyo katika sherehe za Diwali zinazowashwa taa kila mwaka barabara ya Belgrave, Leicester. Aitafute pale langoni.

Kitu cha pili walichopewa kilikuwa kura. Kwa kuwa walikuja kama raia wa Uingereza au wa Jumuiya ya Madola, waliruhusiwa kupiga kura tangu mwanzo, bila kusubiri kizazi kipite. Leicester ya miaka ya 1970 haikuwa ya kirafiki hata kidogo: mwaka 1976 chama cha kibaguzi cha National Front kilipata karibu asilimia 18 ya kura katika uchaguzi wa jiji. Lakini kata iliyojaa wapiga kura wa Kigujarati haiwezi kupuuzwa na diwani anayetaka kurudi, na barabara, shule na vibali vya hekalu vilianza kujadiliwa kwa lugha ambayo kila mwanasiasa anaielewa. Linganisha na Nairobi ya ukoloni, ambako Mhindi alimpigia kura Mhindi mwenzake tu katika daftari lake la pekee, na kwa hiyo hakuna mwanasiasa mwingine aliyekuwa na sababu ya kugonga mlango wake.

Kiswahili chao nacho kilibadilika kazi. Kule Leicester hakukuwa tena na wa kumwambia "leta". Amri zikakosa mtu wa kuamriwa, na maneno ya jikoni yakageuka kumbukumbu, na pia lugha ya siri ya wazee wasiotaka wajukuu waelewe. Kuku paka, ambaye ni kuku wa nazi wa pwani kwa jina lao, amekuwa chakula cha sikukuu. Asubuhi ya mapumziko, katika nyumba nyingi za Waismailia wa Toronto na London, watu hula mandazi na mbaazi za nazi, na wanaviita hivyohivyo. Nilipotembelea barabara ya Belgrave miaka michache iliyopita niliingia mgahawa mdogo nikaagiza mogo wa kukaanga, na mama aliyekuwa kwenye kaunta, aliposikia matamshi yangu, aliniuliza kwa Kiswahili cha Kisumu kilicholala muda mrefu: "Wewe ni mtu wa wapi, baba?" Nikamwambia Tanga. Akasema mumewe marehemu alikuwa na shangazi Tanga. Kisha akanipitisha nyuma ya kaunta, jikoni, ili nimwambie kama ukwaju wake umekolea. Nilisimama pale nikishika kijiko na kumkumbuka yule mzee wa daftari jekundu.

Ningekuwa ninadanganya kama ningeacha picha hapo. Ndoa bado zinapangwa kwa jamii, ingawa kila kizazi kinapunguza orodha ya masharti. Septemba 2022 vijana wa Kihindu na Kiislamu walipambana mitaani Leicester, siasa za India zikiwa zimesafiri kwa simu hadi kwenye mitaa iliyokuwa ikisifiwa kwa maelewano, na miongoni mwa lawama zilizotolewa na wakazi wa zamani nyingi ziliwaangukia wageni wapya waliotoka Daman na Diu, maeneo ya India yaliyokuwa koloni la Ureno, kwa pasipoti za Kireno. Huku kwetu jambo hilo lina jina. Wahindi wa Kenya wa vizazi vitatu au vinne huwaita wenzao wanaokuja sasa kutoka India kwa mikataba ya kazi "maroketi", kwa kuwa hushuka leo na kupaa kesho. Sensa ya 2019 iliwahesabu Waasia raia wa Kenya takriban 47,000, na wasio raia takriban 43,000, ilhali sensa ya 1962 ilikuwa imewakuta Waasia 176,000. Mwaka 2017 serikali iliwatambua wale wenye uraia kuwa kabila la 44 la nchi. Wapo waliocheka kusikia hivyo, lakini nijuavyo mimi hakuna mtu aliyewahi kuitwa kabila na huku akiendelea kuitwa mgeni kwa utulivu uleule, na tofauti ya kabila na roketi sasa inalindwa na Wahindi wenyewe kwa bidii kuliko mtu mwingine yeyote.

Bidii hiyo imefika juu kuliko Belgrave. Oktoba 2022 Rishi Sunak, ambaye baba yake alizaliwa Nairobi na mama yake Tanganyika, alikuwa waziri mkuu wa Uingereza, na magazeti yetu yakamwandika kama mjukuu wa nyumbani. Alirithi mpango uliokuwa umetiwa saini miezi sita kabla na Priti Patel, aliyekuwa waziri wa mambo ya ndani, binti wa wazazi waliohama kutoka Uganda katika miaka ya 1960: wanaoingia Uingereza bila kibali kuomba hifadhi wapakiwe ndege na kupelekwa Rwanda, maombi yao yasikilizwe huko. Sunak aliupigania hadi Mahakama ya Juu ilipouona kuwa kinyume cha sheria Novemba 2023, na hata baada ya hapo. Saini yenyewe iliwekwa Kigali tarehe 14 Aprili 2022. Basi linaloondoka Kigali jioni hufika Kampala alfajiri.